Namba Ambayo Programu Huiachia Seva ya Barua Pepe

Mabibi na mabwana, kuelekeza barua pepe kwenye programu ni kazi ya mstari mmoja. Ndani ya /etc/aliases, faili linaloiambia seva kila anwani ipelekwe wapi, unaandika:

maombi: "|/usr/local/bin/pokea"

kisha unaendesha amri ya newaliases ili seva isome mabadiliko. Tangu hapo kila barua ya anwani hiyo inamiminwa kwenye programu yako: vichwa, mstari mtupu, halafu mwili.

Kazi ngumu iko pale programu inapomaliza, kwa sababu seva huangalia namba ambayo programu inaiacha inapofunga (exit code). Ikiwa 0, barua imepokelewa na inafutwa kwenye foleni. Ikiwa 75, hitilafu ni ya muda, barua inabaki foleni. Postfix, mojawapo ya programu za seva ya barua pepe, mipangilio yake isipobadilishwa huendelea kujaribu kwa siku 5. Namba nyingine karibu zote humrudishia mtumaji barua yake.

Sasa chukueni skripti ya Python inayoandika kwenye hifadhidata. Hifadhidata ikizimwa kwa dakika mbili tu, skripti inaanguka na kuacha 1. Postfix inaandika "Command died with status 1", na mtumaji asiye na hatia anapelekewa maelezo ya kosa, pamoja na majina ya mafaili yenu ya ndani! Kwa hiyo kosa lolote msilolitarajia likamateni, liandikeni kwenye logi, kisha sys.exit(75). Barua itakuja tena, pengine baada ya kuwa imeshahifadhiwa nusu, hivyo tumieni Message-ID, kichwa chenye kitambulisho cha barua, kuitambua.

Kibaya kuliko hicho ni kutoa 0 kabla ya kuhifadhi. Hapo barua imepotea, na hakuna atakayearifiwa.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi: "Nikiiendesha mwenyewe inakubali, kwenye seva inagoma." Sababu ni kwamba Postfix, faili la aliases likiwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mashine), huendesha programu kama nobody, mtumiaji asiye na mamlaka, bila mazingira yenu mliyoyazoea. Ijaribuni katika hali hiyo hiyo:

sudo -u nobody env -i /usr/local/bin/pokea < barua.txt; echo $?

Ikitoka 126, ruhusa ya kuendesha haipo. Ikitoka 127, faili au mkalimani wake (programu inayoendesha skripti, kama python) hakuonekana.

Na kama programu yenu hujibu barua, isijibu kamwe yenye mtumaji mtupu kwenye bahasha (anwani ambayo seva hupeana, si ile ya kichwa cha From), wala yenye kichwa cha Auto-Submitted, kinachoonyesha kama barua imetumwa na mashine, kisichosema "no". Majibu yake nayo yabebe "Auto-Submitted: auto-replied" na yatoke na mtumaji mtupu, la sivyo mashine mbili zitajibizana hadi foleni ijae.