Kitabu Gani, na Umpe Nani

ZUHURA: Karibuni wapenzi wasomaji. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu Baraka yuko hapa, kahawa mbele yake inapoa na yeye bado kitabu mkononi. Unasoma nini?

BARAKA: Shikamoo, dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Haya, tuambie.

BARAKA: Nasoma Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mkuki na Nyota walikitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli, ingawa riwaya yenyewe ni ya 1994. Nimefika pale msafara unaposhika njia ya bara. Jana usiku nimekifunga kwa kujilazimisha tu, maana asubuhi kulikuwa na kazi.

ZUHURA: Wengi wanajivunia kwamba Gurnah ni mtoto wa Unguja, lakini ukiwauliza wamesoma kipi chake, kimya.

BARAKA: Basi waanze na hiki. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo kwenye mji ulioota kando ya reli. Kila tajiri Aziz anapopita hapo, wakati wa kuondoka anamtilia Yusuf sarafu mkononi, na mtoto anaingojea hiyo sarafu. Siku moja anaambiwa ajiandae, atasafiri na Aziz. Anapanda treni, furaha kidogo, hofu kidogo. Anafika pwani, anawekwa dukani, na huko ndiko kijana mwenzake, Khalil, anamwambia wazi: huyu si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe ndiwe rehani.

ZUHURA: Na Khalil mwenyewe kawekwa vilevile.

BARAKA: Ndiyo maana anamwambia kwa ukali, anataka azinduke mapema. Mimi hapo nikarudi kusoma upya zile kurasa za sarafu. Mara ya kwanza nilimwona tajiri mkarimu. Mara ya pili kila sarafu iliniuma, nikawa najiuliza baba mtu alikuwa anatazama wapi wakati mwanawe anaipokea.

ZUHURA: Hapo ndipo Gurnah anaponishika. Hasemi kwamba kabla Wajerumani hawajaingia pwani yetu ilikuwa raha tupu. Watoto walikuwa wanawekwa rehani, na waliowaweka walikuwa watu wanaoswali na kuheshimiwa mtaani. Anakuonyesha hilo, kisha anakuonyesha Wajerumani nao, wala hampunguzii mtu mzigo wake.

BARAKA: Nisimalizie, wasije wakanilaumu. Wewe je?

ZUHURA: Nimerudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Nilikuwa nimeiona filamu yake, ile ya Amil Shivji ya 2021, nikaona nirudi kwenye kitabu. Yasmin ni msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mtu mzima kumzidi baba. Anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, anayempokea ni Mwajuma, kule Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Kwa Unguja ya wakoloni hatua hiyo ni ndefu kuliko safari ya baharini. Anavuka kabila, dini, tabaka, na heshima ya ukoo, yote kwa mguu.

BARAKA: Watu humzungumzia sana Denge, kijana wa harakati za uhuru.

ZUHURA: Denge ana haki yake, na mapenzi yao na Yasmin ndiyo yanayovuta hadithi. Lakini safari hii nimemtazama Mwajuma. Hana mali, chumba chake ndicho hicho, na bado anafungua mlango bila kuuliza huyu kaletwa na nani. Polisi wa kikoloni wanahangaika kumsaka Denge, na kumbe mambo yote yanasimama kwa sababu kuna mwanamke aliyekubali kulala wawili pale palipokuwa pa mmoja. Shuleni sikuwahi kusikia mtu akimtaja.

BARAKA: Shuleni tulisoma kwa ajili ya mtihani. Fani na maudhui, taja dhamira tano, eleza wahusika. Wengine hata riwaya hawakuifungua, walikariri kijitabu cha uchambuzi wakapata alama nzuri.

ZUHURA: Na mtu akishamaliza kidato cha nne anaamini kitabu hicho kimekwisha. Hilo linanisikitisha kweli. Riwaya hizi ziliandikwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Ukiisoma una miaka 17 unamwona Yasmin peke yake. Ukishakuwa na nyumba yako, na wageni wako, na kodi inayokungoja, unamwona Mwajuma.

BARAKA: Tuingie kwenye ujumbe wa wasikilizaji. Kuna mmoja yuko Muscat, mama yake anapenda hadithi za upelelezi lakini macho hayamruhusu kusoma kwa muda mrefu.

ZUHURA: Mpe Bwana Msa, yule mpelelezi! Mzimu wa Watu wa Kale, wa Muhammed Said Abdulla, 1960. Maiti inakutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na Bwana Msa ametulia na kiko chake. Umsomee wewe kwa simu, kidogo kidogo. Kiswahili chake kinataka kusikika.

BARAKA: Wa pili ni baba. Binti yake anakwenda shule ya bweni mwakani, anauliza amnunulie kitabu gani kitakachomwonya kuhusu wavulana. Dada, hapa nina neno.

ZUHURA: Sema.

BARAKA: Baba, nunua Rosa Mistika ya Kezilahabi, kisha uisome wewe. Kilipotoka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, watu wakadhani hatari yake iko kwa mabinti. Mimi ni mtu wa Mwanza, hadithi inaanzia kwetu huko ziwani, Ukerewe, alikozaliwa mwandishi. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Barua moja tu ya mvulana inamfanya ampige Rosa vibaya. Hakuna siku anayokaa naye wakaongea. Binti anaondoka nyumbani akiwa amefundishwa kuogopa tu, na akifika mahali ambapo baba hayupo, woga haumsaidii kitu.

ZUHURA: Nilidhani utasema wasome wote wawili.

BARAKA: Baadaye, ndiyo. Lakini aliyeomba onyo ni baba, na kitabu hiki kinamwonya baba kwanza. Akimaliza, ampe binti, amwambie ni sehemu gani ilimgusa. Amwambie pia kwamba mwisho wake ni mzito, asikisome peke yake usiku wa kwanza bwenini.

ZUHURA: Nakubaliana nawe. Na baba, ukishamaliza, tutumie ujumbe wa sauti, tungependa kukusikia. Wiki ijayo tunasoma Kuli, cha Adam Shafi huyohuyo, kuhusu wapagazi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948. Kitafuteni mapema. Mkikikosa dukani, wapitieni wauza vitabu vya mitumba, ila fungueni kurasa za katikati kabla ya kulipa, maana nakala za zamani huwa zinanyofoka.