Saba kati ya Kumi na Sita: Kuisoma Ripoti ya Shule Mbadala Ndogo ya Marekani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Utangulizi nauruka, tuingie moja kwa moja kwenye ripoti.

Hii ninayowaonyesha ni ya shule ya kubuni, nimeitunga mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kushika ripoti za sekondari mbadala za California ataitambua. Jimbo hilo limekuwa na shule za namna hii tangu 1919, kwa vijana wa miaka 16 hadi 18 waliobaki nyuma kiasi cha kuhatarisha cheti chao. Shule yetu ina wanafunzi 70. Kiwango cha kuhitimu ni asilimia 44. Mwaka uliotangulia kilikuwa 56. Mjumbe wa bodi ya wilaya akiona hivyo anashika kichwa: tumeanguka kwa alama 12!

Taratibu kwanza. Kundi lililotakiwa kuhitimu lina vijana 16. Asilimia 44 ni vijana saba. Asilimia 56 ni tisa. Anguko lote hilo ni watu wawili. Rusha sarafu mara 16, kisha rudia, uone kama utapata idadi ileile ya vichwa. Kwa kundi la ukubwa huo, bahati tupu huyumbisha matokeo kwa alama 12 na nusu hivi juu au chini. Kwa kundi la vijana 400, myumbo huo ni alama mbili na nusu.

Mtakwimu Howard Wainer alilionyesha jambo hili vizuri mwaka 2007 kwa shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania, akitumia alama za kusoma za darasa la tano. Katika shule 50 za juu kabisa, sita zilikuwa miongoni mwa asilimia tatu ya shule zenye wanafunzi wachache kuliko zote, wakati ungetarajia moja au mbili. Wengi wangeishia hapo na kutangaza kwamba udogo ni dawa. Yeye akageuka kutazama mkiani: kati ya 50 za mwisho, tisa zilikuwa ndogo hivyohivyo.

Lakini bahati ndiyo sehemu nyepesi. Kinachonikera mimi ni saa.

Kiwango cha kuhitimu cha Marekani, ambacho majimbo yalianza kukitoa kwa mtindo mmoja kuanzia mwaka wa masomo 2010–11, huanza kuhesabu siku mtoto anapoingia darasa la tisa, mwanzo wa sekondari yao, na humpa miaka minne. Hakijali alikuwa shule gani. Sasa mchukueni kijana mmoja anayefika kwetu mwanzoni mwa darasa la kumi na mbili. Ili ahitimu, wilaya inataka krediti 220, yaani pointi za masomo aliyofaulu. Mwenzake wa kawaida, kwa krediti 60 kila mwaka, angekuwa nazo 180. Yeye anazo 90. Anakaa nasi mwaka mzima, anapata 80, yaani zaidi ya anazopata mwanafunzi wa shule kubwa. Juni ikifika ana 170. Anarudi Agosti, anamalizia 50, na Januari anachukua cheti chake.

Kwenye ripoti ya miaka minne, kijana huyo hakuhitimu. Ameandikwa kwetu. Shule kubwa aliyokaa nayo miaka mitatu ilimtoa kwenye kundi lake siku alipohama, na ilimradi karatasi za uhamisho zipo, asilimia yake ikapanda kidogo. Angeamua kufanya GED, ule mtihani mbadala wa cheti cha sekondari, badala ya kurudi, ingekuwa yaleyale, maana GED haihesabiwi kuwa kuhitimu. Ndiyo maana nasema asilimia 44 inaeleza zaidi watoto walifika wakiwa na nini kuliko walifundishwa nini.

Upande wa wanafunzi ni akina nani, ripoti ina mapengo ya kusikitisha. Makundi ya rangi na asili ni saba, na California huficha takwimu za kundi lenye watu kumi au pungufu ili mtoto asitambulike. Ni sawa kabisa. Ila katika vijana 16, Walatino wakiwa 11, waliobaki wote ni nyota tupu badala ya namba. Safu ya umaskini nayo haiaminiki tena. Zamani ilitegemea fomu za chakula cha bure na cha bei nafuu, kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini. Siku hizi shule nyingi hulisha kila mtoto bila fomu, hivyo katika data za kitaifa shule nzima inaweza kuonekana maskini kwa asilimia 100. Na ile idadi ya 70? Ni ya siku moja, Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Waliokuja Novemba hawamo, na walioondoka Machi bado wamo.

Sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 ililiona tatizo hili kwa jicho moja. Sekondari isiyohitimisha theluthi ya wanafunzi wake au zaidi huwekwa kwenye orodha ya zinazohitaji msaada, lakini ikiwa shule hiyo ina wanafunzi chini ya 100, jimbo linaweza kuiruhusu wilaya isitekeleze hatua za kuiboresha. Kwa maneno mengine, tunaipima vibaya, kisha tunaisamehe.

California yenyewe ilijaribu njia nyingine kwa shule mbadala: kiwango cha mwaka mmoja, kinachouliza ni wangapi kati ya waliokuwa darasa la kumi na mbili mwaka huu walihitimu. Mimi nakiunga mkono kwa shingo upande. Shule ndiyo inayoamua nani aitwe wa darasa la kumi na mbili, na mwalimu mkuu mjanja atamwacha kijana wetu wa krediti 90 darasa la kumi na moja hadi awe na uhakika naye. Kwa hiyo mkipewa kiwango hicho, ombeni pia orodha ya krediti za kila mwanafunzi siku aliyoingia na siku aliyotoka, bila majina. Msajili wa shule anayo tayari.