Mwili Usioitikia Mazoezi

Ndugu zangu wakimbiaji, asanteni kwa kunikaribisha.

Kila Jumapili naambiwa: "Kocha, mwili wangu haukubali mazoezi." Na anayesema si mvivu. Mama mmoja wa kikundi chetu alikimbia miezi minne bila kukosa, lakini akifika ghorofa ya tatu kwake bado alishika ukuta akihema. Akaamini kaumbwa hivyo.

Nusu ya imani yake ni kweli. Utafiti wa HERITAGE, wa Marekani na Kanada, uliwapandisha watu 481 wa familia 98 kwenye baiskeli za mazoezi kwa wiki 20. Uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa mililita 400 hivi kwa dakika, ila wapo waliopata karibu na sifuri, na wapo waliopita lita nzima. Wa nyumba moja walielekea kufanana. Damu ina neno lake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta. Queen's University ya Kanada ilichukua watu 121 wanene wasiofanya mazoezi, ikawagawa makundi matatu. Matokeo yalitoka 2015. La kwanza lilifanya kazi kidogo, kwa nguvu ya asilimia 50 ya uwezo. La pili, nguvu hiyohiyo, kazi maradufu. La tatu, kazi sawa na la pili, ila kwa asilimia 75. Baada ya wiki 24 wakahesabiwa ambao pumzi yao haikupanda kuzidi kosa la kipimo: 15 kati ya 39, 9 kati ya 51, na kundi la tatu, watu 31, hakuna hata mmoja. Hakuna!

Moyo ukidaiwa damu nyingi, hujifunza kusukuma nyingi zaidi kwa kila pigo.

Maabara hatuna, mdomo tunao. Ukikimbia huku unasimulia mechi ya Simba na Yanga mwanzo mwisho, hapo ni mwendo mwepesi. Mkazo ni pale unapotoa maneno matatu, manne, ndipo uvute pumzi. Siku mbili kwa wiki zinatosha: dakika tatu za mkazo, tatu za polepole, rudia mara nne. Mwenye presha au kisukari aonane na daktari kwanza, tafadhali sana.

Yule mama tulimbadilishia siku hizo mbili tu. Juzi tumepishana ngazini kwake, kabeba mtungi wa gesi. Kanisalimia bila kusimama.