Anzeni na Kikopo cha Baba

Nimelisema sana hili na leo nalirudia hapa Kisumu, maana mkitafuta mtoto bado mnakuja vilevile: mama ana faili nene, mirija ya uzazi imepigwa picha, homoni zimepimwa. Baba je? "Yeye yuko sawa, daktari." Nani kasema?

Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mume una mchango. Na kipimo chake, cha mbegu za kiume, ndicho chepesi kuliko vyote, ila mnakiharibu. Baba akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Kikopo ni cha maabara, si chupa ya jemu iliyooshwa kwa sabuni. Mate na mafuta, hapana. Kondomu ya kawaida, hapana. Inaweza kuziua mbegu. Matone ya kwanza yakimwagika nje, sema, usione haya: mbegu nyingi zimo humo. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kimewekwa ndani ya shati kisipoe. Ukitoka nacho Bondo kwa matatu umeshachelewa. Njoo utolee hukuhuku.

Nawasikia wa nyuma: "Lakini nina mtoto kule Kondele." Hongera. Huyo sasa yuko gredi ya saba. Mbegu moja huchukua zaidi ya siku 70 kuiva, kwa hiyo homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kushusha hesabu ya leo. Majibu yakiwa mabaya, tunarudia baada ya miezi 3, kabla mtu hajaitwa tasa. Na nguvu za kitandani si mbegu! Zile sindano za testosteroni za kutunisha misuli ndizo huzima kazi: ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu.

Viwango vya chini vya WHO, Shirika la Afya Duniani, vya 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 ziwe zinacheza. Ukipungukiwa kidogo, bado unaweza kuzaa.

Akina mama, haraka sasa. Picha ya mirija ni baada ya damu kukauka, kabla yai halijatoka. Projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka, hupimwa siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28. Akipimwa ya 21 ataambiwa yai halikutoka, apewe vidonge bure. Ukishapita miaka 35 usingoje mwaka mzima wa kujaribu, njoo baada ya miezi 6. Ya uzito sitayafikia, wenye ukumbi wananitazama.