Jengo la Basel Walimoijadili Uasin Gishu

Watazamaji wangu wa Eldoret, Nairobi, Mombasa na popote mlipo, hamjambo? Leo nimesimama katikati ya mji wa Basel, Uswisi, na jengo mnaloliona nyuma yangu linaitwa Stadtcasino, ambalo ni ukumbi wa muziki. Nimelipita kwa tramu miaka mitatu, asubuhi na jioni, nikienda kazini na kurudi, bila kujua kwamba mwezi Agosti 1903 mamia ya wajumbe wa Kiyahudi walikutana humu wakabishana kwa siku kadhaa kama watu wao wahamie kwetu. Ninaposema kwetu simaanishi Afrika kwa ujumla. Namaanisha uwanda wa Uasin Gishu, ardhi ambayo mimi na wazazi wangu tulizaliwa juu yake.

Wazo hilo la kuwahamishia Wayahudi kwetu vitabu huliita Mpango wa Uganda, na jina hilo limewapoteza wengi. Sehemu ile ilikuwa imehesabiwa kuwa ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipoihamishia upande ambao leo ni Kenya, lakini jina la zamani likabaki midomoni mwa watu wa London.

Nimetaka kulieleza jambo hili kwa sababu mgogoro wa Israeli na Palestina unatugawa hata sisi tulio mbali nao. Bara, wengi wetu tuliijua Sayuni katika nyimbo za kanisani kabla ya kuonyeshwa ramani ya dunia. Pwani, ndugu zetu wameiombea dua Al-Quds, yaani Yerusalemu, tangu walipokuwa watoto wa madrasa. Mji ni uleule, ila kila mmoja wetu amefundishwa kumwona mkazi mmoja tu ndani yake.

Aliyeitisha mkutano wa kwanza wa Wazayuni katika mji huu, mwaka 1897, ni Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna, aliyeamini kwamba Wayahudi hawatapata usalama Ulaya mpaka wawe na nchi yao wenyewe. Aprili 1903 yaliyotokea Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi na ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, yalionekana kumthibitishia. Gazeti la hapo lilikuwa limeeneza uzushi kwamba Wayahudi wamemuua mtoto wa Kikristo ili watumie damu yake, na ilipofika Pasaka umati ukaingia majumbani na madukani mwao, ukaua watu 49 na kujeruhi mamia, huku vyombo vya dola vikichelewa kuwazuia.

Wakati huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa amerejea kutoka Afrika Mashariki, ambako mwishoni mwa 1902 alisafiri kwa reli kutoka Mombasa hadi bara. Reli ile ilikuwa imewagharimu Waingereza zaidi ya pauni milioni 5 na haikuwa na mizigo ya kutosha, hivyo serikali ilitafuta walowezi. Chamberlain akamfikiria Herzl. Tarehe 14 Agosti 1903 Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa barua iliyosema kwamba iko tayari kufikiria makazi ya Wayahudi yenye kujitawala katika mambo yao ya ndani.

Barua hiyo ndiyo iliyojadiliwa humu Basel. Wajumbe hawakutakiwa kuikubali ardhi siku ile. Walitakiwa tu kuamua kama itumwe tume ya kuikagua. Waliounga mkono walikuwa 295, waliopinga 178. Matokeo yaliposomwa, wajumbe wengi wa Urusi walitoka ukumbini, na baadhi yao wakaketi sakafuni wakalia, kama Wayahudi wanavyoketi siku ya kuombolezea Hekalu. Waliokataa walikuwa pamoja na wajumbe wa Kishinev yenyewe, ambao makaburi ya watu wao yalikuwa bado mabichi. Kabla ya mkutano kufungwa, Herzl aliinua mkono wa kuume na kutamka kwa Kiebrania maneno ya Zaburi ya 137, yale tunayoyajua sote: Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mapenzi ya Wayahudi kwa nchi ile ni kisingizio kilichobuniwa na wakoloni, huwa namkumbusha kura hii. Mkoloni mwenyewe aliwapa ardhi nyingine, yenye mvua na udongo wa kuotesha ngano, wakati ambapo wenzao wanachinjwa, na bado watu 178 wakasema hapana, kwa sababu walikuwa wakitafuta nyumbani na si shamba.

Lakini mimi ni mjukuu wa watu ambao katika ukumbi huu hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Katika shamba la kogo, bibi yangu mzaa baba, kuna shimo la duara, pana kama nyumba, lenye mawe yaliyopangwa ukingoni na majani mafupi chini, ambamo ndama hulala upepo ukizidi. Ni moja ya mashimo ya Wasirikwa, watu waliofuga ng'ombe kwenye uwanda ule kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu na kabla ya Wanandi. Mnyama bado anakingwa baridi na mikono iliyochimba karne nyingi zilizopita, na ardhi hiyo ndiyo iliyosemwa London kuwa haina mtu. Kwa kweli nilipomsimulia kogo kwa simu, hakuuliza habari za Herzl. Aliuliza ni nani aliyekwenda kuwaambia wenye ng'ombe.

Hakwenda mtu. Mapema mwaka 1905 tume ya watu watatu ilishuka Mombasa, ikapanda hadi uwandani, na mmoja wao, mhandisi Nahum Wilbusch, akaripoti kuwa pale hapafai. Mkutano wa mwaka huo, hapahapa Basel, ukaufunga mjadala kwa kuikataa ardhi ile. Herzl mwenyewe alikuwa amefariki Julai 1904. Oktoba 1905 afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen akampiga risasi kiongozi wetu Koitalel arap Samoei katika kikao kilichoitwa cha amani, Wanandi wakaondolewa kwenye sehemu kubwa ya ardhi yao, na mwaka 1908 Makaburu wakaingia Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe. Afisa huyohuyo, mwaka 1919, alikuwa Palestina kama mkuu wa masuala ya kisiasa katika jeshi la Uingereza, akiwatetea Wazayuni waziwazi.

Arthur Balfour alikuwa Waziri Mkuu barua ya Uasin Gishu ilipotolewa. Mwaka 1905 serikali yake ilipitisha sheria ya kuwapunguza wahamiaji, hasa Wayahudi waliokimbia Urusi, na Novemba 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitia saini barua iliyoahidi makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Waarabu, waliokuwa takriban watu tisa katika kila kumi wa nchi ile, barua iliwataja kama jamii zilizopo zisizo za Kiyahudi, bila hata kuandika jina lao. Nikiisoma sentensi hiyo huwa nasikia swali la kogo.

Baadaye Hitler aliua Wayahudi milioni 6, na waliosalia hawakuwa na sababu ya kuiamini Ulaya tena. Na vita vya 1948 vilipokwisha, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wakimbizi.

Ninyi mnaosafiri kutoka Nairobi kwenda Eldoret hupita Gilgil. Kuanzia 1947 Waingereza walifunga pale katika kambi mamia ya Wayahudi wa makundi ya siri ya Irgun na Lehi, waliokamatwa Palestina kwa kupigana nao. Watu waliokuwa wameikataa Kenya kwa kura waliletewa vijana wao Kenya kwa nguvu, ng'ambo ya milima tu kutoka uwanda ule. Julai 1948 wafungwa wale walipakiwa melini na kurudishwa katika dola mpya ya Israeli. Mwezi huohuo makumi ya maelfu ya Wapalestina wa miji ya Lydda na Ramle walifukuzwa makwao, wengi wakitembea kwa miguu kuelekea mashariki juani, watoto mgongoni.