Kidole cha Lampedusa

Mmeshanisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena: Wazungu wakigombana juu ya wahamiaji, wanagombana wao kwa wao. Nani abaki na mzigo, basi.

Tuanze na kidole. Kijana wa Eritrea anashushwa Lampedusa, kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisili. Nguo hazijamkauka, anaambiwa aweke vidole juu ya kioo. Alama zinaingia Eurodac, hifadhidata ya alama za vidole ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kazi 2003. Miezi sita baadaye yuko Ujerumani kwa binamu yake, anaomba hifadhi. Karani anamwekesha vidole vile vile, mashine inajibu: Italia. Kanuni ya Dublin, ile ya Ulaya inayoamua nchi gani ishughulikie ombi la hifadhi, iliyoanzia kwenye mkataba wa 1990, huangalia mlango wa kwanza aliopitia mtu. Basi, arudi. Ndiyo maana kule Calais, bandari ya Ufaransa, wako waliochoma ncha za vidole kwa chuma cha moto, mashine isiwasome. Jamani, mtu anajiunguza vidole kwa sababu ya kanuni ya karani! Italia nayo haikulala: kuna miaka wengi iliwaacha wapite bila kuwachukua alama.

Naona mkono kule nyuma. Utaniambia kila mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango. Sawa bwana, sikatai. Ila nyumba hii, Umoja wa Ulaya, ina vyumba 27, yaani nchi 27, na wa chumba cha mbele kaambiwa: anayebisha hodi kwako ni mgeni wako peke yako. Mwaka 2015 walikubaliana kugawana watu 160,000 kutoka Italia na Ugiriki. Waliohamishwa hawakufika 35,000. Hungaria na Poland hazikupokea hata mmoja. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaja kuzitia hatiani Aprili 2020, mpango wenyewe umeshakwisha zamani!

Mkataba mpya wa uhamiaji wa Umoja huo, wa 2024, unasema nchi isiyotaka watu anaweza kutoa fedha. Hesabu iliyotajwa ni euro 20,000 kwa kila mtu isiyempokea. Na mlango wa kwanza? Upo pale pale, umebadilishiwa kanzu tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya Ulaya inavyozeeka na kuhitaji mikono ya kazi, nitasema moja tu: Meloni, waziri mkuu wa Italia, aliyeahidi kuziba bahari kwa manowari, serikali yake ndiyo iliyotenga nafasi 452,000 za wafanyakazi wa kigeni kwa 2023 hadi 2025. Nyanya hazijichumi.