Alama ya "sawa na" haimaanishi "toa jibu"

Ndugu walimu na wazazi, wengine mmenisikia nikilisema hili mara nyingi. Nitalisema tena, maana bado naliona kosa lilelile kwenye madaftari.

Andikeni ubaoni 7 + 6 = ☐ + 5, kisha mwiteni mwanafunzi ajaze kisanduku. Mmoja ataandika 13. Mwingine atajumlisha kila namba anayoiona, apate 18. Jibu ni 8. Watoto hawa kujumlisha wanajua, tena vizuri. Wasichokijua ni ile alama ya vistari viwili. Tangu darasa la kwanza wameikuta mahali pamoja tu, mwisho wa swali, kwa hiyo wanaisoma "toa jibu".

Robert Recorde, aliyeianzisha katika kitabu chake cha mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kulingana! Nasi tunalo neno mlinganyo, limezaliwa humohumo. Maana yote imo ndani ya neno, lakini tunalitaja mara moja tu na kukimbilia "hamisha namba upande wa pili, badili alama". Hamisha nini? Katika x + 5 = 12 hakuna kinachohama. Unatoa 5 pande zote mbili ili pande ziendelee kulingana, inabaki x = 7.

Najua yupo atakayesema: mbona akihamisha anapata jibu? Leo anapata. Kesho mpe 3x = 12, naye ataihamisha 3, aitoe kwenye 12, akuambie x ni 9. Huyohuyo ndiye anayeandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16. Mwulizeni: tangu lini 5 + 3 ikawa 16?

Jometri naipitia haraka, muda umekwenda. Mzingo ni urefu wa kulizunguka umbo, eneo ni ukubwa wa sehemu iliyomo ndani. Tafadhali msianze na mraba wenye upande wa sentimita 4: mzingo 16, eneo 16, mtoto anaondoka akiamini ni kitu kimoja. Chukueni mstatili wa sentimita 6 kwa 2. Mzingo ni uleule, 16, ila eneo ni sentimita za mraba 12.

Na mraba ni mstatili, ndiyo. Mstatili ni umbo la pande nne lenye pembe zote za nyuzi 90. Hakuna aliyesema lazima urefu uzidi upana.

Kigawo na kigawe, kipeo na kipeuo, hayo yatamkeni polepole, herufi moja tu inayatenganisha: 3 ni kigawo cha 12, maana inaigawa bila baki; 24 ni kigawe chake, maana inagawanyika kwa 12 bila baki; kipeo cha pili cha 9 ni 81, yaani 9 × 9; kipeuo cha pili cha 9 ni 3, maana 3 × 3 = 9.

Pembetatu tuziache kwa leo. Ila mkiingia darasani, kabla ya lolote, andikeni 13 = 7 + 6, kisha hesabuni ni wangapi watakaonyoosha mkono kusema mwalimu amekosea.